Siku Niliyoulizwa Maganda Yako Wapi

Mpaka leo nikielekea sokoni hapa Bariadi huvuka barabara kabla sijafika kwenye duka la vitenge la Bi Zainabu, natembea upande wenye jua wakati upande wake una kivuli kizuri, naye akiniona huniita kwa sauti, "Mzee Luhende, rudi huku, sikuli!" na wateja wake hucheka bila hata kujua wanacheka nini. Wacha nieleze mwenyewe, maana wengine wanaieleza vibaya na kuiongezea chumvi, na hii haihitaji chumvi.

Nilikuwa karani kwenye ghala la pamba, na nilipostaafu niligundua kuwa sijui kukaa. Nikafungua redio, nikashindwa kuirudishia. Nikafungua pasi. Mke wangu Minza alipoona naiangalia cherehani yake akanionyesha friji letu lililokufa, akasema, "Fungua hilo." Ndilo nililoligeuza mashine ya kutotolesha vifaranga: taa ndani za kutoa joto, feni ndogo niliyoing'oa kwenye kompyuta mbovu, karai la maji chini kwa ajili ya unyevu, na kioo mlangoni cha kuchungulia. Utaalamu wenyewe niliupata kwenye grupu la mtandaoni la watu wanaojitengenezea mashine hizo, wako mikoa yote, na sijawahi kuona watu wanaopenda kubishana namna ile. Mtu anauliza kidhibiti joto kipi ni cha bei nafuu na hakidanganyi, wa pili anamjibu, wa tatu anasema usimsikilize huyo, mwaka jana alitupikia mayai ya kuchemsha, na kabla ya chai ya saa nne tumeshagombana na kupatana. Mimi waliniita Guku, yaani babu, na nililipenda jina hilo kupita kiasi, nikaanza kujibu maswali ya kila mtu, hata yale ambayo jibu lake nilikuwa natafuta mimi mwenyewe.

Sasa grupu lile lina sheria moja ambayo haina ubishi. Siku za mwisho, mayai yakishaacha kugeuzwa, mlango wa mashine haufunguliwi mpaka vifaranga watoke na kukauka. Ukifunga, umefunga. Sababu ni kwamba kifaranga akishatoboa ganda anahitaji unyevunyevu. Ukifungua, mvuke unakimbia, na ule utando wa ndani unakauka na kumbana kama shati lililolowa likakaukia mwilini. (Haya niliyaandika mimi, kwa herufi kubwa, nikimkaripia kijana mmoja wa Lingeka aliyefungua mara moja tu. Kijana wa watu aliomba radhi mbele ya grupu zima.)

Bi Zainabu alikuwa na kuku aina ya kuchi, wale warefu wanaotembea kama askari kwenye gwaride, kizazi alichoachiwa na marehemu mama yake. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikapita mtaani kwetu, kikafagia banda lote. Alichobakiwa nacho ni mayai aliyokuwa ameyaweka kwenye bakuli jikoni, akaniletea yamefungwa kwenye kanga, akayashusha taratibu mezani.

"Mzee Luhende, hawa wakipotea, basi tena. Wengine wa mama siwapati."

Nikamjibu, "Hesabu wameshatoka, dada yangu. Kajenge banda."

Kwenye grupu nikatangaza. Wawili walio karibu, Masanja wa Lalago na Juma muuza dagaa wa Lamadi, wakasema siku ya kutotoa watakuja waone kwa macho, na Juma atawarushia wenzetu moja kwa moja kwa simu yake. Minza akachinja jogoo wa kununua kwa ajili ya wageni (ndiyo, najua, msicheke).

Siku ilipofika, asubuhi nikasikia milio ndani ya mashine. Wale waliowahi kuisikia wanajua, ni mlio mdogo unaotoka ndani ya yai ambalo bado zima, na mtu mzima na mvi zake unajikuta umepiga magoti sakafuni. Nikachungulia kwenye kioo, kioo kimejaa ukungu. Nikaona vitundu kwenye mayai kadhaa, au nilidhani nimeviona, na hapo ndipo nilipoharibu: nilitaka kujua. Nikasema nafungua kidogo, picha moja, nafunga.

Nikapiga, nikatuma. Grupu likalipuka.

"Guku, hiyo picha au ukungu wa Ngorongoro?"

"Sogea kwenye lile la pembeni, limetoboka au ni kinyesi?"

Nikafungua tena. Wakaomba video. Nikafungua tena. Mmoja akauliza, "Guku, picha safi hivi, umefungua mlango?" Nikajibu, "Kioo changu ni kisafi." Halafu nikafungua tena kuhakikisha kwamba kufungua kwangu hakujaleta madhara, na hapo sina utetezi.

Kufikia adhuhuri milio ilikwisha. Vitundu vilibaki vilevile, kingo zake zimekauka na kuwa ngumu kama karatasi. Nikagonga ganda kwa ukucha, kimya. Na Masanja kapiga simu wako njiani.

Mtu mwenye akili angekaa pale langoni akawaambia ukweli. Mimi nilitoka mbio kwenda sokoni, nikanunua vifaranga kwa mchuuzi anayewauza kwenye maboksi, nikawamwaga ndani ya mashine, na mayai ya Bi Zainabu nikayaweka kwenye kapu la pamba ya kushonea mito, nikalisukuma chini ya kitanda. Kuyatupa moyo ulinigomea. Minza aliniona napita na kapu, akaniangalia, akarudi kwa jogoo wake jikoni.

"Mwadila, Guku!" Masanja huyo mlangoni, ananisalimia kwa Kisukuma, mikono yote miwili mbele. Juma nyuma yake ameshainua simu, anawatangazia watu kama mpira wa miguu. Bi Zainabu akaingia na boksi dogo alilolitandika kitambaa.

Nikafungua mashine kwa mbwembwe. Vifaranga wakalia. Bi Zainabu akaweka mkono mdomoni.

Masanja akachuchumaa, akamshika mmoja, akamfunua bawa. "Guku, huyu ana manyoya ya bawa tayari. Amezaliwa na koti?"

"Kuchi hao," nikasema. "Hukua haraka."

Kwenye simu sauti ikasema, "Mwangalieni kitovu!" Mwingine, "Mbona wanatembea kama wenye nyumba?" Juma akaingiza kichwa ndani ya friji, akatazama kulia, akatazama kushoto, akatoka.

"Mzee wangu, maganda yako wapi?"

Jamani. Nilikuwa nimefikiria yote, joto, maji, hata kuwafuta vumbi la sokoni. Maganda sikuyafikiria. Na watu wale, mtoto akizaliwa wao huanza kuuliza maganda.

"Nimeyasaga, nimewapa kuku."

"Kuku gani?" Minza akauliza kutoka jikoni.

"Wa jirani."

Wakacheka, na naapa kwamba uongo ule ulikuwa unapita. Masanja alikuwa ananitazama kwa jicho la pembeni, lakini mimi ni mzee, yeye ni mgeni, asingenivua nguo nyumbani kwangu. Ndipo Bi Zainabu akamwinua kifaranga mmoja, akamweka kifuani, akasema taratibu, "Huyu ana miguu ya wale wa mama. Mama angemjua huyu." Machozi yakamtoka, akawa anacheka na kulia pamoja.

Nikasema nakwenda kuleta kiti. Nikaingia chumbani, nikavuta kapu, sijui kwa nini, nadhani ni ile tabia tu ya kuchungulia. Nikaweka yai moja sikioni. Lilikuwa bado na uvuguvugu kwa ile pamba. Halafu nikasikia, tk, kimya, tk, kama mtu anayegonga mlango bila kuwa na hakika kama nyumba ndiyo hii.

Nikikaa kimya, wa mama yake wanafia chini ya kitanda changu, naye anakwenda kuwalea wa boksi. Nikisema, simu ya Juma bado iko juu.

Nikatoka na kapu. "Bi Zainabu, hao si wako. Nimewanunua sokoni. Wako ni hawa, nilifungua mlango, nikawakausha, nikawaficha. Lakini humu kuna mtu anagonga."

Simu ikapasuka kwa makelele: "Ee! Guku kaficha mayai chumbani!" Kijana wa Lingeka nilimtambua kwa sauti: "Ukifunga, umefunga!"

Bi Zainabu hakupiga kelele. Aliuliza, "Wazima?"

"Baadhi."

"Sasa umesimama nini?"

Basi aibu ikabidi isubiri. Minza akaleta maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, Masanja akawa analowesha ule utando na kuubandua kidogo kidogo, Bi Zainabu ameshika yai kwa mikono miwili, na grupu zima linabishana kwenye simu: mlowesheni zaidi, hapana mtamzamisha, ukiona mshipa wa damu acha, mwacheni atoke mwenyewe. Tulikuwa tumeinamisha vichwa pamoja juu ya yai moja, na kwa muda ule nadhani hakuna aliyekumbuka kunichukia, kila mmoja alitaka kuona. Mguu ukatoka, mrefu kweli. Walitoka wachache. Wengine walikuwa wameshakufa, na mmoja alifia kwenye kiganja cha Bi Zainabu akiwa ameshatoa kichwa. Yule ndiye ninayemkumbuka.

Bi Zainabu alipowafunika wazima ndani ya boksi lake, ndipo akanigeukia. "Sasa nikuulize, Mzee Luhende. Ulitaka nikalee kuku wa nani, nikiwaita wa mama?"

Jogoo wa Minza aliletwa mezani, tukamla kwa adabu ya msibani.

Kwenye grupu sikutoka, nilitamani, lakini niliona kutoka ni kujificha chini ya kitanda kingine. Nilimwomba radhi Bi Zainabu mbele ya wote, kisha kijana wa Lingeka, kwa herufi ndogo. Vifaranga wa sokoni bado ninao, hawana kosa lolote, wanakula vizuri. Na nimeapa: mayai yakishafika siku zile za mwisho naifunga mashine kwa kufuli, ufunguo anakaa nao Minza, mimi nakwenda kulima bustani. Wenzangu wakiuliza, "Guku, huko ndani kukoje?" naiacha simu kwanza mezani, naichukua tena, halafu naandika neno ambalo katika umri wangu wote sikuwahi kumwandikia mtu: "Sijui."