Moshi wa Asubuhi

Atukuzwe Mungu, aliyetupa pumzi kabla hatujajua kuiomba, na anayetuongezea kila kunapokucha.

Kwetu, upande wa Uwemba, kwenye nyanda za juu zenye baridi, asubuhi nyingi ukungu hushuka hata usione mti wa jirani. Kisha, ukungu ukianza kuinuka polepole, moshi wa kuni za miti ya miwati hupenya kwenye mapaa na kujichanganya nao, na bonde zima huonekana kama linaelea. Tangu utotoni tulifundishwa kutazama paa la jirani kabla ya kwenda kuchota maji. Moshi ukionekana, wameamka wazima. Usipoonekana, unakwenda kuwajulia hali.

Mke wangu alipozidiwa na kikohozi, daktari alimwambia aachane na kuni. Binti yetu akaleta jiko la gesi kutoka Makambako, anakofanya biashara.

"Mama, moshi ni sumu. Utakuua."

"Moshi ndio uliokulea wewe. Nyumba isiyotoa moshi ni ya waliohama au waliokufa. Mimi nipo kundi gani?"

Niliwasikiliza, nikaona kila mmoja anasema kweli. Binti alitaja kitu kinachoingia kifuani. Mama yake alitaja macho ya watu wanaomjali. Mimi nilisali tu akubali kabla kifua hakijashindwa.

Asubuhi moja akakubali kujaribu, ili kumridhisha binti. Chai ikachemka. Tulikaa tukitazama mvuke wa vikombe ukiyeyuka dirishani. Hatujamaliza, mlango ukagongwa kwa nguvu. Alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya bonde, mjane wa rika letu, miguu imelowa umande.

"Kamwene!" alisalimu kwa Kibena, akihema. "Mko hai? Nimetazama paa lenu mpaka macho yameuma. Nilishaanza kutafuta kanga ya msibani!"

"Kamwene, dada. Kaa unywe chai," mke wangu akamwambia. "Hatujafa, tumepata gesi."

"Gesi! Basi ninyi matajiri mtakufa sisi tusijue."

Mke wangu akacheka mpaka akakohoa, kisha akamshika mkono. "Uwe unakuja kila asubuhi, uhakikishe mwenyewe."

Na anakuja. Tunakunywa chai pamoja huku ukungu ukipita mlangoni. Kifua cha mke wangu kimetulia. Hajakiri kwamba moshi ni sumu, nami sijamwuliza.

Wewe unayesoma, Mungu akujalie kifua chepesi, na majirani wasiochoka kukuulizia.