Makala ya Moto wa Kilio

Mi nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primeri, baba yangu akasema inatosha. Mujukuu yangu yeye iko inivesite, na kazi yake ni kuchimba. Hapa Kolwezi kila mutu anachimba, kwa hiyo majirani wa Kapata balimuuliza kama anatafuta shaba ao kobalti. Akajibu, makala. Balicheka mpaka kushika tumbo. Makala si inauzwa sokoni, ndani ya mifuko?

Yake ni makala ya bantu ba zamani. Yeye na mwalimu wake balichimba pembeni ya Lualaba, juu ya baraji ya Nzilo, ule ukuta wa kufunga maji, na kijiko na burashi, polepole, kama mutu anaogopa kuamusha mutoto. Siku moja nilikuwa nachambua maharagi, akanielezea mi kambo yake, nyanya yake.

"Kambo, muti ikiwa muzima inakula hewa. Ndani ya hewa kuna kitu kidogo sana, inaingia mu muti. Siku muti inakufa, haikuli tena, na ile kitu inaanza kupunguka. Hata muti ikikuwa makala, inapunguka tu. Sisi tunapima yenye ilibakia."

"Basi munahesabia tangu kifo, haiko tangu kuzaliwa."

"Njo vile, kambo."

Ile neno ilinikaa mu kichwa. Bwana yangu, tangu tulimuzika, kuna kitu ndani yangu inapunguka vilevile, na sijaona mashini ya kuipima.

Mvua za kwanza zilimukuta akiwa bado kule. Alikuja na pikipiki, matope mpaka mu nywele, na karton ya ile makala kifuani. Gari ya mwalimu ilikwama njiani.

"Kambo, weka hii ndani, pakavu. Mi naenda Dilala kutafuta bantu ba kuvuta gari. Maji ikiingia humu, mwaka wangu wote umekufa. Na usiiweke karibu ya mbabula, jiko yako ya makala. Vumbi ya makala mupya ikigusa hii, mashini itasema uongo."

"Ni makala ya kupikia?"

"Hapana. Hatukuona mafiga, ao mifupa, ao kipande cha chungu. Ni moto mukubwa tu, iliwaka siku nyingi pahali pamoja."

Alisema vile na furaha. Mi nikasimama. Moto mukubwa, haipikiwi, inawaka siku nyingi: kwetu njo moto wa kilio. Mutu akikufa, banaume banalala inje kuizunguka, na siku kilio inaisha tunafagia majivu, tunaitupa mbali. Hata kijinga kimoja hakiingii mu nyumba. Kikiingia, kinaita mufu mwingine.

"Haiingii kwangu," nikasema.

"Kambo, bale bantu balikufa zamani sana."

"Na kilio yao ilimalizika? Ulikuwako? Bwana yetu alikufa ndani ya hii nyumba, mukewenza. Inatosha."

Mujukuu mwanamuke ni muke ya babu yake, njo maana ninamuita mukewenza. Siku zingine angenijibu kwamba babu alimupenda yeye kuliko mi. Siku ile aliangalia wingu, akaangalia karton.

"Nenda," nikamwambia. "Itabakia kavu. Sikusema itabakia ndani."

Mvua ikashuka kama mutu amemwaga mawe juu ya mabati. Barza yangu ni fupi, upepo unaleta maji mpaka ukutani. Nikasukuma mbabula na muguu mpaka uwanjani, maharagi nusu mabichi, moto ikazimika. Nikafunga karton mu kikwembe, kitenge yangu ya kujifunga, nikaikumbatia, mugongo inje, tumbo ukutani. Nilibeba batoto nane vile, najua kuficha kitu.

Sijui kama nilisinzia. Sauti ya mvua ilikuwa mbali, na mi nikaona Lualaba imekuwa ndogo, banamuke banavuka juu ya mawe, vyungu vitupu ku kichwa. Mujukuu yangu alisemaka kwamba juu ya majivu ile udongo ni tupu, hakuna makala, kisha juu kabisa bantu banaonekana tena. Anataka kujua kama balienda kwa sababu mvua iliwaacha. Mi niliwaona banaenda. Hakuna aligeuka kufagia majivu. Kiu iliwaharakisha. Nikaanza kuimba wimbo ya kilio, chinichini, juu ya mutu nisiyemujua.

Gari ikafika. Mujukuu alikimbia, akatia mukono ndani ya kikwembe.

"Kavu," akasema. Kisha, "Kambo, wewe uko maji tupu."

"Mi haiko mwaka wako."

Akacheka na machozi. Mwalimu wake alitaka kunipa mukono. Nikamuonyesha beseni, sawa kwa bantu banatoka makaburi. "Nawa kwanza, tata." Akanawa bila kuuliza. Mutu wa heshima.

Makala balituma Ulaya ku mashini, jibu ikakawia. Ile moto iliwaka wakati ukame ulianza, vilevile yalisema matope yenye balichimba chini ya ziwa kujua mvua ya zamani. Mujukuu yangu aliitetea ile kazi yake mbele ya maprofesa, na mi nilikaa mustari wa kwanza na kikwembe mupya. Nilimuuliza kama ilikuwa kilio.

"Mashini haijui, kambo."

Mwaka huu akapiga simu. Bamepata makala ingine, chini zaidi.

"Iko na mafiga?"

"Hapana."

Nikamwambia alete, lakini alete na turubai. Barza inavuja.