Makipa Wawili, Helmeti Moja

Wengine wakiacha mchezo wanakumbuka magoli na vikombe. Mimi namkumbuka mtu aliyekuwa akinifunga mikanda ya pedi miguuni. Mume wangu huniuliza, "Hivi ningesafiri mimi, ungenikumbuka hivyo?" Namjibu asafiri kwanza tuone.

Tulimwita Kimya. Alikuwa dobi wa hospitali, kutwa anapiga pasi mashuka, mikono imekomaa mpaka kwenye viwiko. Mimi nilikuwa kiwanda cha uchapaji, kwenye mashine ya kukata karatasi, mahali ambapo usipopiga kelele husikiki, na kelele hizo nikazihamishia uwanjani. Ndiyo maana wakaniita Mdomo. Sikatai. Timu yetu ya wanawake ya mpira wa magongo ilikuwa na makipa wawili wazuri na vifaa vya kipa mmoja: helmeti moja yenye wavu wa chuma usoni, pedi jozi moja, jezi moja. Tulikuwa urefu mmoja na umbo moja. Kikimkaa yeye, kinanikaa na mimi.

Timu nyingine zikiwa na makipa wawili huchagua. Huyu wa kwanza, yule wa akiba, na wa akiba anazeekea benchi. Mwalimu wetu, ambaye kweli alikuwa mwalimu wa hesabu shule ya msingi, hakutaka habari hizo. "Zamu," alisema. Jumamosi hii mimi, ijayo yeye. Ushinde, ushindwe, ufungwe hata saba, zamu ni zamu. Anayepumzika alikuwa na kazi mbili: kumfunga mwenzake mikanda kabla ya mechi, maana ukishavaa kinga ya kifua huwezi kuinama ukajifunga mwenyewe, na baada ya mechi kwenda na begi nyumbani akafue, aanike. Begi lile lilinuka, jamani! Nikiingia nalo ndani, mume wangu anatoka nje.

Kimya akinifunga, alipiga goti, akavuta mkanda, akauliza neno moja tu: "Inabana?" Basi. Mimi nikimfunga yeye namwaga maneno: yule namba tisa wao anapenda kukatia kulia, usimkimbilie, msubiri. Anatikisa kichwa, anaingia golini, na anazuia mipira ambayo mimi, kusema kweli, nisingeiona. Wivu ulikuwepo, nisidanganye. Lakini jioni tulirudi pamoja kwa miguu, begi tumelishika huku na huku, na mpaka tufike kona ya kwao wivu umeshaniisha.

Mwaka wa tano tukaingia fainali. Nikahesabu kwenye kalenda ya kiwandani, nikaona ni zamu ya Kimya. Mwenyewe alikuwa ameshahesabu kitambo. Akamwita mama yake, ambaye hajawahi kumwona mwanawe akicheza hata mara moja, na ambaye alisema mchezo wa magongo ni wa watu waliokosa kazi. Safari ya siku nzima, lakini mama akakubali.

"Anakuja," Kimya aliniambia, akacheka mpaka magego yakaonekana. Sikuwahi kumwona vile.

Alhamisi Mwalimu akanifuata mpaka getini kwetu kiwandani.

"Fainali golini unakaa wewe," alisema. "Mabeki wameniomba. Wanataka sauti nyuma yao."

"Na zamu je, Mwalimu?"

"Zamu ni ya ligi. Hii ni fainali."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema kwamba mama wa mwenzangu yuko njiani, ameshapanda basi. Mimi, ambaye sikosi neno hata msibani, nikasema, "Sawa, Mwalimu." Niliitaka fainali ile.

Jumamosi Kimya akanifunga mikanda kama kawaida. Siku hiyo hakuuliza kama inabana.

"Shoga, si mimi," nikamwambia. "Ni Mwalimu."

"Najua. Nyanyua mguu."

Wakati wa mapumziko nikatazama benchi, hayupo. Nikajua amejifungia mahali analia, na roho ikaniuma, na bado nikarudi golini nikapiga kelele zangu kama kawaida. Tulishinda moja bila. Dakika ya mwisho nikautoa mpira kwa ncha ya mguu wa kushoto, ukiwa umebakiza kidole uingie, uwanja mzima ukasimama. Wakaninyanyua juujuu na helmeti yangu kichwani. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo nikavua kila kitu nikaenda kuoga. Nilipotoka, Kimya ameshaondoka na begi, kwa kuwa kufua ilikuwa kazi yake wiki hiyo.

Jumanne begi likarudi kwa mkono wa Mwalimu, kila kitu safi, kimekunjwa. Kimya mwenyewe hakurudi tena. Aliomba uhamisho, akapewa hospitali ya mji wa kwao, karibu na mama yake.

Basi nikabaki kipa peke yangu, kila Jumamosi mimi, miaka sita. Nilichokitamani nikakipata chote. Mikanda alinifunga yeyote aliyekuwa karibu. Mmoja alibana mpaka mguu ukafa ganzi, mwingine alilegeza pedi ikazunguka nyuma. Wakati mwingine nilizuia mpira mzuri nikageukia benchi kumtafuta, nikakuta maji na mataulo. Nilitamani awepo, niseme nini kingine? Nilitamani hata ule unyamavu wake ulionikera. Barua mbili nilimwandikia, nikazichana.

Mwaka jana kiwanda kilichapa madaftari ya hospitali ya mji ule, nikajipendekeza kwa bosi nikayapeleka mimi. Nikamaliza kukabidhi, nikaulizia dobi wao, wakanielekeza nyumbani kwake. Njia nzima nilikuwa nayakariri maneno: nisamehe, nilijua mama yuko njiani, nikanyamaza.

Alifungua mlango mwenyewe. Amenenepa kidogo, mvi mbili tatu mbele. Tukashikana pale mlangoni hatuachiani. Kabla sijafungua kinywa, sauti ikatoka ndani.

"Nani huyo?"

"Mwenzangu wa timu, mama."

Mama mtu mzima sana, macho yameanza kufifia, akanivuta nikae karibu naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wa timu? Basi ile fainali ulikuwepo!" Na akaanza. "Mpira unaingia ule, unaingia, mwanangu akautoa kwa mguu wa kushoto, hivi!" Akarusha mguu wake wenye soksi. "Nikasimama na watu, mimi na magoti yangu haya! Na kelele alizokuwa anapiga! Mtoto nyumbani hata kuku hamfukuzi kwa sauti, kumbe huko ananguruma. Halafu akanifuata nilipokaa, jezi imelowa jasho, nikamkumbatia hivyo hivyo."

Nikamtazama Kimya. Alikuwa amesimama na sinia la chai, hasogei. Ndipo nilipoelewa kwamba siku ile hakwenda kulia. Alijificha ili mama asione makipa wawili. Mimi nilipokuwa naoga, alivaa jezi niliyoivua, na jasho langu, akaenda kwa mama yake.

Maneno niliyoyakariri njia nzima nikayaweka pembeni. Kuyasema mbele ya mama ingekuwa kumvua nguo mwenzangu nyumbani kwake.

"Na wewe, mwanangu," mama akauliza, "siku ile ulicheza wapi?"

"Sikucheza, mama. Nilikuwa kipa wa akiba. Nilikaa benchi."

"Pole, mama yangu, pole." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Uende mpaka fainali, usiguse hata mpira! Iliuma?"

"Iliuma sana, mama," Kimya akasema pale aliposimama na sinia.

"Si wewe," mama akamwambia. "Nimemuuliza mwenzio."