Mahali pa Kumlaza Meya

Meya amefariki. Habari nilizipatia Nkubu, nikiwa kwa fundi wa viatu, mguu mmoja peku, jirani yake Meya aliponipigia simu na kusema bila hata salamu, "Yule mtu wako ameenda." Sikuuliza ni nani. Mtu wangu alikuwa mmoja tu, naye alikuwa akienda polepole tangu mkewe alipozikwa. Nikavaa kiatu kabla hakijashonwa, nikarudi Meru soli ikinipigapiga kisiginoni. Wasomaji wangu msidhani namlilia mkubwa wa serikali. Huyu hakuwahi kuchaguliwa hata kuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi. Alikuwa dereva mstaafu wa lori la kahawa, aliyebeba magunia kutoka Githongo ujana wake wote, na Meya tulimwita sisi majirani kwa kumchokoza.

Jina lilitokana na mpaka. Kipande chake cha kahawa na migomba kilikuwa nje kidogo ya mji, ng'ambo ya Kinoru, na kaunti ilipotangaza kwamba inataka kusogeza mpaka wa manispaa ili upande wetu wote uingie mjini, hakuna aliyefurahi kama yeye. Alivaa suti juu, gambuti chini, akapita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba tutapata lami, taa za barabarani na maji ya mfereji. "Mimi si mkulima tena," akasema. "Mimi sasa ni mtu wa town!" Mkewe, mama mkimya ambaye akifungua mdomo utajua umefunguliwa, akamjibu kutoka zizini, "Sawa Meya, lakini ng'ombe hajakamuliwa." Tulicheka mpaka machozi, na jina likamganda.

Kisha tukaitwa mkutano wa kutoa maoni. Mliowahi kuhudhuria mikutano hiyo mnaijua: viti vya plastiki, soda na mkate, ramani kubwa ukutani ambayo hakuna anayeisoma. Wanaume waliinuka mmoja mmoja, wakashukuru. Halafu mke wa Meya akasimama. "Mimi niko na swali moja tu," akasema. "Kama huku kwetu patakuwa town, sisi tukikufa, tutazikwa..." Hakumaliza. Mumewe alimvuta leso aliyojifunga kiunoni. "Kaa chini, mama! Watu wanaongea maendeleo, wewe unatuletea matanga?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Ofisa wa mipango naye akacheka, akaita anayefuata. Mwisho tukapiga makofi, na mpaka mpya ukapitishwa.

Lami ilikuja, siwezi kudanganya. Taa nazo zikaja. Halafu mama akaugua, akafa. Meya akaita wachimbaji wamchimbie kaburi pembeni mwa nyumba, chini ya migomba aliyoipanda mama mwenyewe, kwa maana kwetu mtu huzikwa kwake. Kabla jembe halijaingia sana, ofisa wa manispaa akafika. Alikuwa mtu mpole, hata kofia alivua. Akaeleza kwamba ardhi hiyo sasa iko ndani ya mpaka, imetengwa kwa biashara na makazi, na hapo hakuna ruhusa ya kuzika. Meya alizunguka maofisi huku maiti ikingoja mochari, akaambiwa maneno yale yale kwa sauti mbalimbali. Mama akapelekwa makaburi ya umma. Tangu siku hiyo, ukikutana na Meya na kumuuliza hali, alikujibu, "Nilimwambia akae chini." Basi, hakuwa na salamu nyingine.

Juzi hapa mwekezaji mmoja akaleta mpango wa kujenga ghorofa kando ya ukuta wa Meya: maduka chini, ofisi katikati, fleti juu, na maegesho ya magari chini ya ardhi. Tukaitwa tena kutoa maoni. Safari hii Meya ndiye aliyesimama. "Kwenye hiyo ramani nimeona pahali pa gari kulala," akasema. "Sasa mtu akitaka kulala karibu na bibi yake, alale wapi?" Alikuwa amekwisha kwenda makaburini kuomba awekewe nafasi kando ya mkewe, akaambiwa kule hakuna kuwekeana, watu wanazikwa jinsi wanavyofika. Ofisa akamjibu kwa heshima, "Mzee, leo tunajadili mradi wa watu walio hai." Kicheko kikapanda, kile kile cha siku ile. Meya hakucheka. Alikaa chini mwenyewe, bila kuvutwa na mtu.

Zamani mtu alifunga virago akahamia mjini, na akichoka alirudi nyumbani. Siku hizi mji ndio unaomhamia mtu, na akichoka hana pa kurudi, kwa sababu yuko pale pale alipozaliwa. Mimi si adui wa maendeleo. Ile lami naikanyaga kila siku na taa zile zinanimulikia njia. Lakini nina hasira, na sijui nimkasirikie nani. Ofisa anafuata sheria. Mwekezaji anajenga kwake. Sisi wenyewe ndio tuliopiga makofi, soda mkononi, bila kuuliza tunapewa nini na tunaacha nini. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tulimzika Meya Jumamosi. Mkewe yuko kule juu, karibu na ua wa michongoma, mahali ambapo foleni ya wafu ilikuwa imefika wakati ule. Yeye amewekwa huku chini kabisa, karibu na geti, kati ya watu asiowajua. Binti yake alisimama kando ya kaburi la baba akageuka kulitafuta la mama, akashindwa kuliona kwa wingi wa misalaba, akauliza, "Sasa nikija na maua nitaanza na nani?" Nasikia upande wa pili wa mji nao unapimwa, na mikutano itaitwa. Nendeni. Kunyweni soda, ni haki yenu. Ila mkeo akisimama kuuliza swali, ndugu yangu, usimvute leso. Mwache amalize.