Matano Anaanzia Chini

Mume wangu Matano ana ugonjwa mmoja: ukimpelekea gari akuoshee, haanzi na vioo wala bodi. Anatandika gunia, analala chali, anaingia uvunguni, na humo anakaa mpaka mwenye gari aanze kuguna. "Gari la Mafia linaliwa kutoka chini," huwajibu akiwa humo humo, unaiona miguu tu. "Chumvi haina haya." Watu wanataka gari ling'ae wakapite nalo Kilindoni, yeye anawaoshea mahali ambapo hata mbuzi hapaangalii. Mie nakaanga maandazi pale pale, kando ya barabara ya Utende, hapa kwetu Kiegeani, na malalamiko yote nayasikia kabla hayajamfikia. Nikimwambia, anacheka. Mwanamume mwenye roho nzuri anaudhi, wallahi, kwa sababu huna pa kumkamatia.

Kisima alichoachiwa na marehemu baba yake kina maji baridi, hayana chumvi hata chembe, na hapa kisiwani hiyo ni neema. Ila alipoanza kazi hii, povu lote lilikuwa linateremkia kwenye mchicha wangu. Nilimfokea mpaka majirani wakatoka nje. "Matano, mie nimeolewa au nimemwagiwa sabuni?" Akachimba shimo, akalijaza mawe na mchanga, juu akapanga makumbi ya nazi, maji machafu yakawa yanazama humo kimya kimya. Mchicha ukapona, na mie nikanyamaza. Kwa siku hiyo.

Shida yetu ilikuwa magari. Hayakuja. Bodaboda mbili tatu, na gari la Ussi, dereva jirani yetu, hayo tu. Binamu yake Matano, Iddi, anayeosha magari Mbagala, akawa hachoki kupiga simu: njoo Dar, huku magari yanapanga foleni. Matano akanunua begi. Akalitundika msumarini chumbani, akaniambia, "Mama Shamsa, nikiyakosa magari ya hoteli mpaka Maulidi, naenda."

Mie si mtu wa kujikaza, nasema wazi: niliogopa. Nimewaona waliokwenda kwa "miezi miwili tu". Wengine watoto wao wanawajua kwa sauti ya simu. Na yule bwana nampenda, na ugonjwa wake huo huo.

Magari ya hoteli yalikuwa mikononi mwa Laurencia, mama wa kutoka bara anayesimamia usafiri kwenye hoteli moja ya wageni kule Utende. Alimwambia Matano kwa upole, "Bosi wangu anakaa nje. Kila kitu anataka akione kwanza kwenye mtandao. Tafuteni tovuti, hata iwe ndogo, nimtumie."

Matano akaona upuuzi. "Kizuri chajiuza," akasema.

"Kinajiuza kwa nani?" nikamwuliza. "Kwa kunguru?"

Tukaenda kwa Obed, fundi simu wa Kilindoni, mtu wa Kigoma asiye na maneno mengi. Nilidhani atatutajia bei ya kutuuzisha minazi. Kumbe akatuambia tusikubali kudanganywa, biashara yetu haihitaji kurasa kumi. Ukurasa mmoja unatosha: picha moja nzuri, namba ya simu ambayo ukiibonyeza inapiga, na ramani ya kufika kisimani. Tena uwe mwepesi, ufunguke hata mtandao ukisuasua, maana huku kwetu husuasua. "Malipo mtanioshea pikipiki," akasema, "na maandazi ya shemeji."

"Wewe ndugu yangu kuanzia leo," nikamwambia.

Sasa ikaja picha. Hapo ndipo wanaume walipoharibu. Matano alikataa katakata kupiga picha kisima. "Kisima, makumbi, kanga zako kwenye kamba? Wageni wanakuja Mafia kwa ajili ya bahari. Umeona wapi tangazo la Mafia lisilo na bahari?" Obed naye, mtu wa ziwa, akaona ni sawa. Wakaazima gari la Ussi, wakaliteremsha ufukweni Utende, maji yamejaa. Matano kavaa shati la sikukuu ya Idi. Mtu anaosha gari na shati la Idi, jamani! Povu likamwagwa juu ya boneti mpaka likawa linadondokea baharini, na nyuma yake ghuba yote ya buluu. Nilipoonyeshwa kwenye simu nilipiga kigelegele. Niseme nini, ilipendeza. Obed akaipandisha kwenye ukurasa wetu, tukamtumia Laurencia.

Kesho yake Laurencia akasimamisha gari mbele ya karai langu. Hakuzima hata injini. Matano alikuwa chini ya gari la Ussi, anaitoa chumvi ya hiyo picha. Akatokea, mikono inachuruzika maji.

"Kaka Matano, nimeufungua ukurasa wenu, nikaufunga haraka. Mnaosha magari baharini? Kwanza magari yetu yataoza kwa chumvi. Pili, ile ni hifadhi. Wageni wetu wanakuja kuangalia samaki na matumbawe, halafu sisi tupeleke magari yakawamwagie povu? Nikimtumia bosi ile picha, kazi sina."

Matano akajifuta mikono kwenye suruali. Ilikuwa mara moja tu, ya kupigia picha, lakini nani angemwamini na picha hiyo hapo? Akasema, "Samahani, dada," akaingia ndani. Nikasikia begi likitolewa msumarini.

Yarabi! Damu ikanipanda. Maandazi nikayaacha yaungue.

"Dada Laurencia, zima gari, ushuke."

Alishtuka, akashuka. Nikamshika mkono mpaka kisimani, nikateka maji, nikampa kata. "Kunywa." Akanywa. "Kuna chumvi?"

"Hakuna."

Nikamvuta mpaka shimoni. Nikapangua makumbi kwa mikono yangu, akaona mawe, akaona mchanga, akauona na mchicha wangu pembeni, umenawiri. "Povu lake linaishia hapa. Haliendi baharini, kwa sababu mie nilimfokea. Ile picha ni ujinga wa wanaume wawili waliotaka kupendeza. Sasa inama."

"Niiname wapi?"

"Chini ya gari hilo. Mwenye macho haambiwi tazama."

Akainama, na sketi yake ya ofisini. Gari la Ussi ni kuukuu, lingekuwa binti lingeshaolewa, lakini tumbo lake safi, kutu huioni. Laurencia akapapasa kwa kidole, akakiangalia kidole. Akainama tena, akachungulia chini ya gari lake mwenyewe. Huko sikumfuata, lakini niliona alivyokunja uso.

Alipoinuka alikuwa anacheka. "Sasa haya yote, kwa nini hamkuyaweka?"

Matano alikuwa amesimama mlangoni, begi mkononi. "Tuliona aibu," akasema.

Obed akaja alasiri ile ile. Picha mpya haina bahari hata tone. Kuna kisima, makumbi, kanga zangu mbili kambani, gari la Ussi, na kutoka uvunguni miguu ya Matano peke yake, nyayo zimetazama kamera. Mwenyewe alitaka uso wake uonekane. Nikamwambia uso kila mtu anao, biashara yako ni hiyo miguu. Chini ya picha Obed akaandika: Tunaanzia chini. Maji baridi ya kisima. Povu haliingii baharini.

Laurencia akaituma kwa bosi wake, tukangoja. Siku hizo maandazi yangu yalikuwa ama mabichi ama makaa, na wateja wangu, Mungu awabariki, wakayala hivyo hivyo. Wiki ya Maulidi, nachambua mchele wa pilau, likaingia gari jeupe la hoteli, na la pili nyuma yake. Dereva akatoa kichwa dirishani. "Ndipo hapa wanapoanzia chini?"

Niligeukia ukutani nikalia kidogo. Kisha nikamwuzia maandazi.

Begi sasa limetundikwa kisimani, ndani mna vitambaa vya kufutia vioo. Juzi Iddi akapiga tena. Matano yuko uvunguni, simu nikaipokea mie.

"Shemeji, huyo bwana anakuja lini? Nimeshamtafutia nafasi."

"Una mtandao hapo ulipo?" nikamwuliza. "Fungua websaiti yetu."

Akafungua. Nikamsubiri.

"Umeiona miguu?"

"Naiona."

"Basi ndiyo hiyo. Haiendi popote."