Mama Kreni na Saa Tatu za Alasiri

Mafundi walimwita Mama Kreni, naye hakuona ubaya wowote katika jina hilo. Kwa miaka tisa alikuwa akikaa katika kibanda cha kioo juu ya mnara wa chuma, akinyanyua nondo na ndoo za zege, na hakuwahi kugusisha mzigo ukutani hata siku moja. Wageni wa kazi walipomwona akipanda ngazi na chupa yake ya chai begani walitazamana kwa pembe za macho. Alipoanza kushusha mzigo taratibu, kama mtu anayelaza kichanga, walinyamaza wenyewe.

Jengo jipya lilikuwa mitaa miwili tu kutoka nyumbani kwake. Alasiri ya kwanza, akisubiri watu wa chini wamalize kufunga mzigo, aligeuza shingo akauona ua wake mwenyewe: bomba, kamba ya nguo, pipa la bluu. Palepale, saa tisa kamili, watoto wake watatu wakaingia kutoka shule.

Paka akiondoka panya hutawala, na paka huyu alikuwa mita hamsini angani akiona kila kitu. Mabegi yalitupwa mlangoni. Yule wa kati, mvulana wa miaka tisa ambaye mtaa mzima ulimwita Kimbunga, alitoka mbio na mpira akiwa bado na sare ya shule. Kitinda mimba alikaa kizingitini akiwa ameshika tama. Dada yao mkubwa, wa miaka kumi na miwili, alikwenda huku na huko kati ya bomba na jiko. Ikawa hivyo wiki nzima. Mama aliporudi saa kumi na mbili alikuta madaftari hayajafunguliwa, ugomvi umeshapamba moto, na usingizi unawawahi wote kabla ya hesabu.

Baba yao alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa kuonekana siku mbili kila baada ya majuma mawili. Mama Kreni akapiga moyo konde, akachukua kipande cha boksi na kalamu nene, akaandika ratiba ya mistari kumi na moja. Saa tisa kubadili nguo. Saa tisa na dakika kumi kula. Akaipigilia ukutani. Kisha kila jioni akaanza kutoa taarifa bila hata kuvua viatu: leo fulani ametoka na sare, leo fulani amelala badala ya kusoma. Watoto walibaki vinywa wazi. Wakatii kwa woga majuma mawili, naye akatembea kifua mbele.

Ndipo jirani, fundi cherehani aliyeshonea barazani mkabala na nyumba yao, alipomsimamisha njiani.

"Dada yangu, watoto wako nimewakosea nini? Wananipita kama kisiki. Huyo Kimbunga jana ameniita redio."

Mama Kreni alielewa mara moja, na uso ukamwiva kwa aibu. Watoto walikuwa wamemtafuta mchongezi wakamwona fundi. Alimwomba radhi papo hapo, na jioni ile akawaambia wanawe ukweli. Hawakuamini. Basi Jumamosi, kazi iliposimama mchana, alimwomba msimamizi ruhusa akawapandisha kwa ngazi hadi ghorofa ya tisa, kila mmoja na kofia ngumu iliyomfika masikioni. Kimbunga alicheka alipouona ua, akaanza kutafuta uwanja wa mpira. Dada hakucheka. Alishika ukingo akalitazama bomba kule chini.

"Kwa hiyo, mama, ulikuwa unaniona nikifua soksi za kila mtu?"

"Nilikuwa nakuona."

"Mbona hilo hukulisema jioni hata siku moja?"

Mama Kreni angeweza kusema hakuona vizuri, lakini hakuwa mtu wa kupindisha maneno.

"Sikulisema kwa sababu lilinifaa," alijibu. "Nimekukosea, mwanangu."

Kabla usiku haujaingia alikuwa ameshaing'oa ratiba yake. Wakakaa mkekani wanne, na safari hii aliuliza badala ya kuandika. Kimbunga alisema njaa yake haijui kungoja, na miguu yake haikai mezani kabla haijakimbia. Mdogo alitaka mtu wa kukaa karibu naye anaposoma. Dada aliomba saa moja ambayo hakuna atakayemwita.

Yakapatikana makubaliano. Wakifika, kwanza wanakula, na kila mtu anaosha sahani yake na soksi zake. Kimbunga anacheza mpaka kivuli cha ukuta kifike bombani. Siku za mawingu anamwuliza saa fundi cherehani, ambaye alikwisha kuombwa msamaha na kuufurahia. Halafu vitabu, meza moja, mdogo akikaliwa karibu kwa zamu, leo na kaka kesho na dada. Na saa ya Dada ni mlango kufungwa, asibishe mtu isipokuwa damu imetoka. Alifanya nini humo ndani, mama hakuuliza.

Jengo lilikwisha, kreni ikafunguliwa vipande, Mama Kreni akahamia upande wa pili wa mji, asikoweza kuona ila mapaa ya watu. Hakuwa na wasiwasi. Zilikuwapo siku za mvua ambazo mambo yalikwenda mrama, na tahajia ya Kimbunga ilibaki ya kusikitisha, ila sasa madaftari yake yalijaa.

Jumatano moja dereva wa lori alirudi bila taarifa saa tisa na nusu, akala na wanawe, kisha akajinyoosha kwenye kiti. Kitinda mimba akasimama mbele yake.

"Baba, hapa kila mtu na sahani yake."

Baba akamtazama, akawatazama na wale wengine, akaona hakuna wa kumtetea. Akakunja mikono ya shati, akaelekea bombani.