Pesa za Madafu, Mabati ya Ikutha

Jumamosi, tarehe 13 Agosti 1994. Mawingu tangu alfajiri, baridi ya kuuma masikio, upepo wenye vumbi, mvua hakuna. Ndivyo nilivyoandika siku ile, na kuhusu hali ya hewa hakuna anayenibishia. Haya mengine ndiyo watu wa nyumbani kwangu wamenifanya niyapime tena na tena, mpaka wakati mwingine najiuliza kama ni mimi kweli niliyeyaona. Lakini niliyaona. Shule niliishia darasa la saba, hadithi za kutunga siziwezi, na pombe siinywi. Jua lilikuwa halijazama na akili zangu nilikuwa nazo. Ukitaka kucheka, cheka, ila nisikilize kwanza mpaka nimalize.

Sisi tunakaa karibu na Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa. Binti yangu Mwikali alichomwa na mwiba wa mgunga kwenye jicho la kulia akifukuza mbuzi shambani. Jicho likaanza kufanya ukungu mweupe. Daktari wa kwetu alilimulika kwa tochi, akaniambia wazi: mpeleke hospitali kule Moshi, Tanzania, kuna daktari wa macho, na usikawie, kwa sababu jicho hili likingoja halitaona tena.

Kanisa letu likafanya harambee. Ndugu yangu anayefanya kazi Nairobi hakuwa na pesa mkononi, akanipa kadi yake ya benki, ya plastiki, inang'aa. "Hii ni pesa," akaniambia. "Wewe ionyeshe tu." Simlaumu. Yeye mwenyewe alikuwa ameitumia mara moja, kwenye duka la viatu. Kwa sababu ya kadi hiyo, tulipovuka mpaka pale Loitokitok nilibadilisha pesa ya nauli na chai peke yake. Wale vijana wa kubadilisha pesa niliwaogopa. Walikuwa wanaongea haraka kuliko ninavyohesabu.

Moshi tulifika alasiri. Daktari alimpima Mwikali, akasema atampasua kesho asubuhi, maana baada ya hapo anasafiri. Lakini ilibidi tulipe kabla dirisha la pesa halijafungwa jioni hiyo. Nikaenda dirishani, nikatoa kadi. Dada aliyekuwa nyuma ya kioo aliigeuza huku na huku.

"Baba, hii ni ya nini?"

"Ni ya kulipa."

"Kulipa wapi?"

"Popote. Ndugu yangu alisema popote."

Akamwita mwenzake, wakaitazama pamoja, wakacheka kidogo, si kwa ubaya. "Pole baba. Mashine yake hapa hatuna. Halafu imeandikwa jina la mtu mwingine."

Nikatoa pesa za harambee. Akatikisa kichwa. "Na hizi za Kenya siruhusiwi. Nataka za madafu."

Niamini, nilidhani anataka nazi. Nilimwuliza kama sokoni zinauzwa, na ngapi zingetosha. Hapo alicheka mpaka akashika meza, ndipo mama mmoja kwenye foleni akanieleza kwamba pesa za madafu ni shilingi zao wenyewe, ni utani wao tu. Yule dada, nimpe haki yake, aliacha kiti akaenda kumwuliza mkubwa wake kama naweza kusaidiwa. Akarudi na jibu lile lile na uso wa huruma.

Nikatoka na Mwikali, nimemshika mkono, jicho lake limefungwa pamba. Duka la kubadilisha pesa lilikuwa limefungwa tangu mchana, ubao wa bei unaonekana nyuma ya kioo. Kijana mmoja akanijia na kitita kilichofungwa kwa mpira: noti juu, noti chini, na katikati nikaona ukingo wa gazeti. Nikarudi mpaka lango la hospitali, nikaketi kwenye jiwe, nikaanza kuomba kwa sauti ndogo. Mwikali akaniuliza, "Baba, tunarudi nyumbani?" Wewe ungemjibu nini?

"Mbona unamwomba Mungu kwa Kiswahili?" mtu akasema kwa Kikamba. "Yule wa kwetu unadhani amesahau lugha?"

Niligeuka. Alikuwa mwanamume wa makamo, ameketi chini akiegemea ua, mbele yake gunia lenye twiga, vijiko na vitana vya mti. Alikuwa anachonga kwa tezo, kale kashoka kadogo ka wachongaji, na alikashika kwa mkono wa kushoto. Kulikuwa na jambo moja ambalo sikulielewa, nikadhani ni masikio yangu yamezibwa na safari. Tezo lilikuwa linashuka, halafu mlio unafika baadaye kidogo, kama wa mtu anayepasua kuni ng'ambo ya mto. Nilimwuliza Mwikali baadaye kama alisikia hivyo. Alisema ndiyo. Lakini mtoto humwitikia baba yake, kwa hiyo hilo nisilitie uzito.

Tukasalimiana. Akasema yeye ni Kyalo, kwao ni Ikutha. Nikamweleza shida yangu yote, hata habari ya nazi. Hakucheka. Akaniuliza, "Una za kwetu kiasi gani?" Nikamwambia. Akapeleka mkono chini ya gunia, akatoa mfuko wa kitambaa uliojaa noti za Tanzania.

"Sikia, ndugu yangu," akasema. "Mimi nina za hapa na sina njia ya kuzifikisha nyumbani. Wewe una za nyumbani na hapa hazina kazi. Jicho la mtoto wako nitalilipia mimi. Paa la watoto wangu utalilipia wewe. Zako usinipe, rudi nazo. Nenda Ikutha, umwulize Ndunge wa Kyalo. Nyumba yake iko ukishavuka mto wa mchanga kutoka sokoni. Mwambie ni za mabati."

"Utaniamini vipi? Hunijui."

"Wewe sikujui, ila jicho la mtoto nimeliona."

Nikamwuliza, kama ambavyo mtu yeyote angeuliza, mbona asiende mwenyewe, si mpaka uko wazi?

"Nilisharudi mara moja," akasema. "Walinipeleka. Lakini nilifika mikono mitupu."

Wewe unayesoma sasa umeshaelewa. Mimi siku ile nilielewa kwamba alifukuzwa na askari wa mpakani, wakamnyang'anya mali, nikamwambia pole.

Nikakataa kuchukua kwa kukisia. Nilimwambia tufuate ubao wa duka, asipunjike yeye, nisipunjike mimi. Akatabasamu, akaniambia niende nikausome. Nikaenda, nikarudi, tukahesabu. Alinipa noti kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo kwetu si adabu, lakini nilisema moyoni, mwenye shida hachagui mkono. Kabla hajaziachilia alizitemea mate kidogo ya baraka, kama wazee wanavyofanya. Noti zilibaki kavu. Niliziangalia vizuri. Zilikuwa kavu, na juu yake vumbi jembamba kama la unga.

Nilikimbia dirishani. Yule dada alizihesabu, akaziinua kwenye mwanga, akanigongea risiti. Zilikuwa pesa halali, noti za kawaida walizokuwa wakitumia siku hiyo. Mtu kama yule alizipata wapi? Hilo siwezi kulijibu, na yeyote anayekwambia anaweza, mwulize vizuri.

Mwikali alipasuliwa Jumapili asubuhi. Tulipokuwa tunatoka nilimwona Kyalo pale pale, mzungu mmoja mwanamke amechuchumaa akipatana naye bei ya twiga. Akaniinulia tezo. Kando ya lango kulikuwa na mama wa chai, nikamwuliza kama anamjua.

"Nani, Mkamba wetu?" akasema. "Yupo hapo siku zote. Mpole huyo! Ila chai yangu hanywi, sijui nimemkosea nini."

Ikutha nilienda mara tu Mwikali alipotolewa bandeji. Mke wangu alisema ningoje, mahindi yalikuwa yameisha na pesa ile iko ndani ya nyumba. Hakusema kwa ubaya, ni yeye anayepika. Nilimwambia hiyo si pesa yetu tena, ni jicho. Akanipakia viazi vitamu vya njiani.

Nilipitia Kibwezi, nikashuka sokoni, nikavuka mto wa mchanga. Nyumba ilikuwa ya nyasi, nyasi zenyewe zimeoza upande mmoja na zimezibwa kwa karatasi ya nailoni. Ndunge alikuwa akipepeta pojo. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye macho ya kupima mtu. Nikamsalimu, nikamwambia nimetumwa na mume wake.

"Mume wangu yupi?"

"Kyalo."

Akaweka ungo chini. "Basi umepotea njia kidogo tu," akasema. "Kyalo yuko pale." Akanyoosha kidole nyuma ya nyumba. Kulikuwa na kaburi lenye mawe pembeni, majani yameng'olewa vizuri. "Alikufa kwa malaria huko Moshi. Wachongaji wenzake walichanga wakamleta kwa lori. Nilimwosha mimi mwenyewe. Huyu wangu wa mwisho alikuwa ananyonya, na sasa ananishinda urefu."

Nilitaka kumwachia pesa nikimbie. Yeye ndiye aliyenivutia kigoda.

"Huyo wako alishika tezo mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Alikupa pesa mkono gani?"

"Huo huo."

"Nilimkanya," akasema Ndunge. "Nilimkanya mpaka nikachoka. Mkono wa kushoto hata mbele ya baba yangu!" Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Amekonda?"

"Kidogo."

"Ako na bibi huko?"

"Sikuona mwanamke, mama."

Akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakaanza. Akajifuta kwa leso. "Aliondoka akisema Krismasi atakuja na mabati. Hakusema Krismasi gani."

Nikatoa pesa. Akarudisha mikono nyuma. Yeye ni mama wa kanisa, akasema, pesa ya mtu aliyekufa hawezi kuishika, mchungaji wake atasema nini? Nikamwambia ukweli kama ulivyo: hizi Kyalo hakuzigusa kamwe. Zilitoka kwenye mifuko ya waumini wa Kiboko, zikaombewa, zikaenda Moshi na kurudi katika soksi yangu. Pesa ya Kyalo iko kwenye jicho la Mwikali. Akafikiri sana. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikuwa nimelitegemea.

"Hizi zinatosha nauli ya kwenda huko?"

"Zinatosha na kubaki."

"Kwa hiyo upande ule anachonga, na upande huu ana kaburi."

"Ndivyo nilivyoona. Naweza kuwa nimekosea."

Alitazama lile paa, akatazama lile kaburi. Mbuzi alilia mara mbili tatu, hakugeuka. Mwishowe akasema, "Nikienda nikamkuta, nitarudi vipi? Na nikienda nisimkute, nitakuwa nimemzika mara mbili." Akanyoosha mikono yote miwili, akapokea. "Mabati," akasema.

Mabati yaliezekwa kabla ya mvua za Novemba. Mimi sikuwapo. Nilikuwa Moshi na Mwikali, daktari alitaka kuliangalia jicho tena. Safari hii nilibadilisha pesa zangu mpakani, polepole, mbele ya askari. Langoni hapakuwa na gunia wala mtu. Nikamwuliza mama wa chai.

"Mkamba wetu? Ameondoka, juzi tu. Aligawa vijiko vyake bure, hata mimi ninacho. Alisema kwake kumeezekwa, anaenda kulala ndani."

Mke wangu anasema huenda alikuwa ndugu wa marehemu, au mchongaji aliyejiita jina la mwenzake, na habari ya paa aliipata kwa msafiri. Inawezekana. Wakamba wamejaa kila barabara na habari hutembea. Mchungaji wetu anasema alikuwa pepo. Hilo nalo nimeliandika. Lakini pepo gani analipia jicho la mtoto halafu anadai bati? Mwikali anaona, ndugu yangu. Anasoma Biblia ya maandishi madogo kwa jicho lile lile. Ila kuna siku tukitembea kando ya barabara ananiuliza, "Baba, mbona huyo hukumsalimia?" na mimi naona barabara tupu. Nimeshajifunza kuinua mkono, nasalimia.

Ndunge nilimpelekea maneno ya mama wa chai, baada ya kusitasita siku kadhaa. Alinisikiliza, akashukuru. Watoto wake wananiambia tangu siku ile hatii komeo mlangoni. Wamemgombeza kuhusu wezi, wamechoka.

Basi nakuonya wewe unayevuka mpaka. Usitegemee kadi ya mtu, na kitita cha kijana wa barabarani kifungue kwanza. Na ukikutana na mtu wa kwenu ugenini akakwambia chukua hizi, utalipa nyumbani, sisemi ukatae. Mtazame mate yake. Yakiwa makavu, jua kwamba safari yako haijaishia hospitalini wala sokoni. Nenda mpaka alikokutuma, usichelewe, na ukifika usikimbie. Kuna mtu huko ambaye atataka kukuuliza maswali.

Leo jioni tumekula muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, na mbaazi mbichi, na chai ya rangi.